Sare Mbichi na Fungu la Vibua

Tanga, Jumapili usiku

Masika ya mwaka huu yameingia kwa nguvu. Unaanika asubuhi jua linawaka, saa nne wingu limeshapanda kutoka baharini, unakimbilia kamba, unaanua, na ukimaliza kukunja jua linatoka tena. Mwenye mtoto wa shule ya msingi anajua ninachosema. Mvua inyeshe isinyeshe, asubuhi mtoto anatakiwa mstarini na shati jeupe na sketi ya bluu, safi.

Jumatano jioni sare ya binti yetu ilikuwa mbichi kabisa. Ile ya pili ilikuwa na tope mpaka kiunoni, maana alitoka shule akikanyaga kila dimbwi la hapa kwetu Ngamiani. Nikaitandaza ile mbichi nyuma ya friji, kwenye vile vyuma vinavyotoa joto. Msimu mzima wa mvua sare zetu zinakaukia hapo. Saa tatu usiku umeme ukaisha. Haukukatika, uliisha: uniti za LUKU zilifika sifuri. Na tokeni tulikuwa nayo. Baba Watoto aliinunua mchana, tarakimu zote 20 zikaingia kwenye meseji ya simu yake, zikabaki humo. Yeye akaenda msibani Muheza. Nikampigia, hapatikani. Aliporudi usiku mkubwa simu ilikuwa imezima chaji, na ya kuichajia hakuna. Tokeni iko ndani ya simu, simu inataka umeme, umeme unataka tokeni.

Nilikasirika. Giza tumelizoea, halikunisumbua. Nilimwonea uchungu mama mkwe chumba cha pili, feni imesimama na joto lile, na niliwaza mtoto atavaa nini asubuhi. Nikageukia ukutani, nikanyamaza. Mume wangu anajua nikinyamaza maana yake nini.

Kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia harufu ya mkaa. Nikatoka uani. Baba Watoto amechutama chini ya bati, pasi ya mkaa aliyoniachia bibi yangu iko wazi mbele yake, anaipepea kwa kifuniko cha ndoo. Mkaa ulipokolea akaifunga, akakung'uta majivu, akaisugua kwenye jani la mgomba ili iteleze. Blanketi alishalikunja juu ya meza. Akaiweka ile sketi, akaifunika kitambaa, akaanza kulikandamiza rinda moja baada ya jingine, polepole, anaweka pasi, anahesabu kimoyomoyo, anainua. Mvuke ulipanda mpaka ukamficha uso. Kila rinda alilinyoosha kwa kidole kwanza ndipo akalipiga pasi, na sketi ile ina marinda mengi. Nilisimama mlangoni nikamtazama tu.

Kwenye shati ndipo cheche iliporuka. Ilitoka kwenye tundu la pembeni la pasi ikatua karibu na mfuko, na kabla hajaipangusa ilikuwa imeshatoboa kitundu kama punje ya choroko. Akaduwaa na pasi mkononi. Mama yake alikuwa ametoka kutawadha, akaona yote. Hakusema neno. Aliposali akaomba sindano na uzi mweupe, akakaa kwenye kigoda karibu na taa ya chemli, akakiziba kile kitundu kwa mishono midogo midogo, akakizungushia nyota. Uzi mweupe juu ya shati jeupe, huioni mpaka uinamie. Binti yetu alipoamka na kuiona alimkumbatia bibi yake shingoni mpaka mtandio ukadondoka. Mchana alirudi na habari kwamba wenzake wawili wanataka nao washonewe.

Ila kilichonigusa zaidi ni kile alichokisema mume wangu pale mezani, macho yako kwenye shati: "Nisamehe, mke wangu. Ile tokeni ilikuwa niiingize kabla sijatoka." Aliyasema mama yake akisikia. Kwa mtoto wa kiume aliyelelewa kwenye nyumba ambayo baba hakuwa akiomba radhi mbele ya watu, si jambo jepesi. Nikamwambia yameisha, na kweli yalikuwa yameisha. Kulipokucha jirani akaichaji simu, tokeni ikaingia, friji ikaanza kunguruma.

Wengi husema mwanamume husema kwa vitendo, mwanamke asidai maneno. Mimi nataka vyote viwili. Kunipigia sare pasi alfajiri ni jambo kubwa, na namshukuru kwa mdomo, simwachii akisie. Lakini lile neno nalo lina kazi yake. Pasi ilikausha sketi. Neno ndilo lililoniondolea donge.

Kungwi wangu alikuwa mwanamke hodari, na mengi aliyonifunda yamenifaa: kusitiri mambo ya nyumba, kupokea wageni kwa bashasha hata mtungi ukiwa na maji kidogo, kutolala na hasira nikiweza. Lakini aliniusia nisimzoeshe mume kazi za ndani, eti atanidharau, na watu wa nje watasema nimemkalia. Hapo sikubaliani naye, Mungu amrehemu. Tunachangishana michango ya harusi miezi na miezi, tunafanya kicheni pati, wanawake wazima wanasimama mmoja mmoja kutoa nasaha, na karibu zote ni za mambo makubwa: wakwe, pesa, uaminifu. Sikumbuki aliyesimama akazungumzia ile saa moja ya asubuhi kati ya kuamka na watoto kutoka mlangoni, nani anachemsha chai, nani anatafuta soksi ya pili, nani anambembeleza mdogo anayelilia kandambili badala ya viatu. Ndoa yangu naiona zaidi kwenye saa ile kuliko kwenye picha za harusi zilizoko ukutani.

Mama mkwe ameshuka kutoka Lushoto tangu mwanzo wa mwezi. Kule kwao ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, watu wanavaa sweta, na yeye akifika Tanga siku za kwanza huwa anakaa barazani amejimwagia maji, kanga imelowa, anauliza sisi tunalalaje huku. Alikuja na kiroba cha viazi, karoti na kabichi mbili kubwa, akakataa katakata kondakta asiviweke kwenye buti la basi. Vilikaa miguuni pake toka Mombo hadi hapa.

Nyumba imebadilika tangu aje. Kwa wajukuu yeye ni mtani, na utani wa bibi na mjukuu hauna likizo. Mdogo wetu wa kiume, ambaye bado hajaanza shule, ni "mume wangu." Akiamka tu anaulizwa: "Mume wangu, leo umeniachia shilingi ngapi ya matumizi?" Jumanne kijana akaingia chumbani, akatoka na sarafu ya mia aliyoichokonoa kwenye kibubu kwa kijiti cha ufagio, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili. Bibi akaipokea kwa heshima zote, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamwambia dada yake: "Umeona, mke mwenzangu? Wewe hupewi." Binti akajibu kwamba yeye mume wake ni babu wa Makorora, ana mashua. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kibubu chenyewe ni cha nguo za Idd, na sasa kimeegemezwa tundu ukutani.

Huyo babu mwenye mashua ni baba yangu. Amevua maisha yake yote, na yeye ndiye aliyemfundisha mume wangu kununua samaki. Hapa pwani kwenda sokoni ni kazi ya mwanamume, baba zetu ndio waliokuwa wakitoka asubuhi na kikapu, na Baba Watoto alipooa aliikubali desturi hiyo moyo mkunjufu. Shida ni kwamba mtu wa milimani samaki aliyemjua ni yule aliyekwisha kukaushwa. Mwanzoni aliuziwa fungu la vibua lililoshinda juani, akalibeba kwenye baiskeli kwa furaha, na usiku ule midomo ikatuwasha, vipele vikatoka shingoni. Kibua aliyelala hata umkaange vipi kuwasha hakuondoki. Mume wangu aliona haya hata kumwangalia mkwewe.

Baba hakumcheka. Asubuhi alimpitia na baiskeli yake, wakaenda soko la samaki la Deep Sea ngalawa zikiwa ndiyo kwanza zinaingia. Alimfunulia matamvua: haya mekundu yanang'aa, chukua, haya yamekuwa ya udongo, acha. Jicho liwe limejaa na angavu, lisiwe limezama na ukungu. Bonyeza nyama kwa kidole, ikirudi samaki mzima, ikibaki shimo mwachie mwenyewe. Nunua kwa aliyetoka majini, usinunue kwa aliyekaa na karai tangu jana. Tangu hapo wawili hawa wana urafiki wao ambao mimi simo, na sitaki kuwamo, nafurahi kuutazama. Wakikutana wanaanza na samaki na kumalizia na samaki. Baba humwita "mwanangu," na siku akikosa kumwona msikitini Ijumaa hunipigia simu kuuliza kama ni mzima.

Leo basi mume wangu aliondoka mapema na mwanawe amempakia mbele kwenye baiskeli. Wakarudi na fungu la vibua, wagumu, wamejikunja, matamvua mekundu. Mtoto alitaka kunionyesha mwenyewe. Akamshika mmoja, akamfunua shavu kwa kidole gumba kama alivyoona, akasema, "Mama, huyu mzima." Mwaka huu ana miaka minne. Nilimbusu na magamba yake.

Nikakuna nazi, nikachuja tui zito nikaliweka pembeni, nikaupika wali kwa tui jepesi. Mchele ulikuwa unaanza kushika, ndiyo nimimine lile zito, mtungi wa gesi ukaisha. Moto ulififia ukawa wa bluu mwembamba, ukazimika. Wali wa nazi ukiachwa pale unakuwa bokoboko, hauokoki. Sikuwa nimesema kitu. Mume wangu alishaona. Akatoa jiko la mkaa uani chini ya bati, mama mkwe akaleta vifuu vya nazi nilivyokuna, maana vinashika moto haraka, binti akapepea, nami nikabeba sufuria nikimwomba Mungu. Tui zito likaingia. Maji yalipokauka nikapunguza moto, nikapalia makaa juu ya kifuniko, tukasubiri mvua ikipiga bati kwa fujo.

Wali ule! Punje moja moja, una harufu ya nazi na moshi kidogo, na chini umeshika ukoko wa rangi ya kahawia kuzunguka sufuria nzima. Gesi hainipi ukoko wa namna ile hata siku moja. Vibua tuliwapaka chumvi, ndimu na pilipili, tukawachoma kwenye makaa yaleyale. Tulikula uani kwenye mkeka, sinia moja, magoti yamegusana kwa sababu sehemu isiyovuja chini ya bati ni ndogo. Ukoko aliugawa mama mkwe, na hakuna aliyethubutu kulalamikia kipande chake. Alipoonja samaki alimwambia mwanawe kwa Kisambaa maneno ambayo sikuyashika yote, ila nilimwona mume wangu akitabasamu na kuinama.

Alikuwa amepanga kuondoka Jumatano. Mwanawe akamwambia barabara ya kupanda kutoka Mombo mvua hizi mawe yanaporomoka, angoje kidogo. Mimi nikasema angoje si kwa ajili ya mawe tu. Nikamwambia wazi kwamba nyumba ina raha akiwepo. Akaniita mwanangu, akasema viazi vyake vina watu wa kuviangalia, atakaa. Kisha akatoa masharti: Jumamosi jiko ni lake, atupikie makande, mahindi na maharage ya kukesha motoni, na hataki kusikia habari ya gesi. Anataka mafiga matatu. Baba Watoto ameshaona mawe mazuri kwa jirani anayejenga, na kesho jioni akitoka kazini atapita kuyaomba.