Boriti iliyonifundishia zama za kati

Nilipopangiwa kituo wilaya ya Kilwa nililia, nakiri. Mimi ni Msukuma, bahari nilikuwa naijua kwa kuvuka Kigamboni tu, na barua niliyokuwa naiombea dua ni ya Mwanza. Nilibeba begi la nguo na boksi la vitabu vya chuo, nikapanda basi Mbagala.

Chuoni nilikuwa mkali wa zama za kati. Charlemagne kavikwa taji mwaka 800, Magna Carta 1215, tauni kubwa 1347, vyote nilikuwa navitaja usingizini. Kwa hiyo kipindi changu cha kwanza kidato cha pili nilichora ubaoni ngome ya Ulaya, yenye handaki la maji kuizunguka na daraja la kunyanyua kwa minyororo. Nilijipenda sana siku ile. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, zama za kati, katikati ya nini?"

Nikamwambia akae, nitajibu kesho. Jibu lenyewe nilikuwa nalo, kwamba jina hilo walilitunga Wazungu waliojiona wao ndio wameamka, na kila kilichokuwa kati yao na Roma ya kale wakakiita katikati. Kilichonikaba ni dirisha. Nje ya dirisha, nyuma ya mikorosho, kisiwa cha Kilwa Kisiwani kilikuwa kinaonekana, na juu yake kuna jumba la karne ya 14. Mimi namchorea mtoto wa Kilwa handaki la Ufaransa!

Basi nikageuka, nikasema sasa ni Kilwa tu. Mwalimu mwenzangu wa siku nyingi akanipa ushauri: "Historia ni kukariri, madam. Wape majina na miaka, usijichoshe." Nikamsikiliza. Tena nikaongeza manjonjo yangu: majina ya masultani nikayatungia mchakamchaka. Alfajiri shule nzima inakimbia inaitikia Ali bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman, hadi mkuu wa shule akanisifia paredi. Wiki tatu hizo. Nikatunga jaribio. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, akawa sultani wa Kilwa. Almeida, Mreno aliyeiteka Kilwa, akawa mama yake al-Hasan. Mmoja aliandika majina yote kwa mpangilio bila kosa, halafu kwenye swali la "walijenga nini?" akajibu: shule. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikaacha kucheka.

Boriti niliipata kwa bahati. Kuna babu alikuwa anabomoa nyumba ya marehemu baba yake, nami napita kwenda kununua samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti yangu. Hizi boriti za mkoko, umri wake unanizidi, na mchwa hajazigusa."

Nikaomba moja. Akauliza naijengea nini. Nikasema nafundishia. Babu alicheka mpaka akakohoa, akanipa bure. Vijana wawili wa kuibeba niliwapa elfu mbili na maji ya kunywa.

Kesho yake nikaingia darasani na boriti, ubaoni sikuandika kitu. Nikauliza: sultani aliyejenga Husuni Kubwa, lile jumba la kisiwani, alikuwa tajiri kuliko watu wote pwani hii, dhahabu ya Sofala, bandari ya huko Msumbiji, inapita mikononi mwake, ana birika la kuogea lenye pembe nane. Kwa nini vyumba vyake ni vyembamba kuliko darasa lenu? Kelele. Wengine wakasema watu wa kale walikuwa wafupi. Wengine, aliogopa wachawi. Nikawaambia wailaze boriti kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti haikufika hata mita tatu, na darasa letu ni kama saba. Dari la kale lilikuwa linabebwa na boriti za mkoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo wa kutisha. Mti unapoishia, chumba kinaishia hapo hapo. Tajiri na pesa zake zote, mpimaji wake alikuwa mkoko. Na boriti hizohizo zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni na Ghuba, huko nako zikawapimia watu vyumba.

Sasa nikawaambia: nataka ukumbi mkubwa, watu wasali humu wote, na boriti ni hizi hizi fupi. Fanyeni. Wakabishana dakika kumi. Binti mmoja mkimya, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama katikati ya darasa akanyanyua mikono: "Nishikizieni hapa." Amekuwa nguzo! Basi wakaanza kujipanga, huyu hapa, yule pale, tukatumia watoto ishirini na kitu na madawati yakakosa pa kukaa. Hapo mtaaluma akachungulia dirishani, akakuta nusu ya darasa imesimama mikono juu kama imeadhibiwa. Akaniuliza kwa ukali wamekosa nini. Nikamjibu, huu ni Msikiti Mkuu wa Kilwa.

(Yote haya nilifundisha kwa Kiswahili, mlango umefungwa. Kiingereza tuliandika mwishoni.)

Kuanzia siku ile wao ndio wakawa wananiletea habari. Hadithi ya Mshirazi, mtu wa Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa kitambaa cha kukizunguka chote, mimi niliisoma chuoni kwa shida. Wao waliijua kwa bibi zao, na bibi wana mwisho wao: aliyeuza alipotaka kukirudia maji yakipwa, Mshirazi akasoma Qur'ani na maji yakajaa. Tarehe ya Kilwa, yaani historia yake ya kale iliyoandikwa, ambayo nakala yake ya Kiarabu iko British Library, London, inasema mkondo ulichimbwa. Nikawaachia wapigane: nani ana sababu ya kusema nini? Ndiyo kazi ya mwanahistoria, na sikuwahi kuifundisha vizuri hivyo nikiwa na notisi.

Ibn Battuta naye, aliyefika 1331, nawapa tumbo lake kwanza. Mogadishu alilishwa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na hilo hawalisahau hata ukiwaamsha usiku. Sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani yule yule wa Husuni Kubwa, iliyookotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe inaeleza njia ya dhahabu kuliko ramani yangu. Sarafu za Kilwa hazina mwaka, ila maandishi ya pande mbili yana vina, kama shairi.

Ziara ya Kisiwani ilikula pesa: boti, kiingilio, mihogo ya njiani, kama elfu themanini, labda zaidi, na sehemu kubwa ilitoka mfukoni mwangu. Ukienda, panga na maji, maana yakipwa mnashuka mbali na viatu mkononi. Mtu mmoja gatini alituambia tunakwenda kuona magofu ya Wareno. Watoto wakamrukia kabla yangu: Almeida kaja 1505, babu, Husuni ilishakuwa na miaka zaidi ya 150! Ndani ya msikiti yule binti akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akanyanyua mikono kando yake, akasimama kimya.

Matokeo ya mtihani? Yalipanda kidogo. Mwenzangu bado anasema mtihani hauulizi boriti.

Boriti ilikaa koridoni hadi mwezi uliopita, mkuu wa shule alipoitaka iwe mtambaa panya wa goli la kaskazini. Kidato cha pili kikacheka chote. "Haifiki, mwalimu," wakamwambia, "labda tuweke nguzo katikati."