Siku moja maishani mwangu: pini, vipindi na deni la kila mwezi

Saa 11 alfajiri

Narekodi saa hizi kwa sababu ya kimya. Ikishafika saa 12 milango inaanza kufunguliwa, magari yanawashwa, na kila kelele inaingia kwenye maiki kama imealikwa.

Nina kipindi cha sauti kinachosimulia historia ya vitu vidogo tunavyovishika kila siku bila kuvitazama. Nimeshafanya kufuli, kifungo, kioo na penseli. Leo ni zamu ya pini. Huu ni mwaka wa nne niko peke yangu kwenye kazi hii, na kwa miaka miwili sasa ndiyo inayoniweka mjini, kupitia wasikilizaji wanaolipia usajili kila mwezi.

Studio yangu ni blanketi. Najifunika nalo kichwani, mimi na maiki, linameza mwangwi. Aya ya kwanza nimeirudia mara saba. Herufi p ya neno "pini" inatoka na pumzi, na pumzi ikigonga maiki inasikika "tuh", kama mtu kadondosha kitu chumba cha pili. Nimeigeuza maiki kidogo ili hewa ipite pembeni yake, nikasoma tena, ikatulia. Ningeweza kufanya hivi siku nzima nisichoke.

Saa 1 asubuhi

Ratiba iko ukutani. Kila Jumatatu kipindi kikuu, na matini yake kwa wanaopenda kusoma. Kila Jumatano jarida la barua pepe. Ijumaa mbili kwa mwezi kipindi cha ziada kwa wanaolipia ngazi ya pili ya usajili. Mwisho wa mwezi mazungumzo ya moja kwa moja na ngazi ya tatu. Nimehesabu kwa kidole: kazi 15 kwa mwezi, na hapo sijagusa vipande vifupi vya video vya kuwavuta wageni.

Hakuna aliyenishikia fimbo. Ngazi hizi tatu nilizipanga mwenyewe usiku mmoja, naogopa kwamba nisipowapa watu furushi kubwa hawatalipa. Niliahidi kwa woga, na tangu hapo naitumikia ahadi ya usiku ule.

Saa 3 asubuhi

Naandika nusu ya pili ya kipindi cha pini. Chanzo changu kikuu ni Encyclopédie, ile kamusi elezo kubwa ya Kifaransa aliyoisimamia mwandishi Denis Diderot. Juzuu ya 5, ya mwaka 1755, ina makala ya pini, inayosema kwamba pini hupitia hatua 18 kabla ya kufika sokoni. Waya unanyooshwa, unakatwa, unachongwa ncha, kichwa kinatengenezwa peke yake kisha kinapachikwa, pini zinasafishwa, zinapangwa kwenye karatasi. Mwaka 1776 Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, alitumia mfano huohuo wa pini: wafanyakazi 10 wakigawana hatua hizo wanatoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja asiyeijua kazi hiyo, akihangaika na hatua zote mwenyewe, hafikishi hata 20.

Hapo nikaweka kalamu chini. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika hatua zangu: kutafuta mada, kusoma, kuhakiki, kuandika, kurekodi, kusafisha sauti, kukata, kuchanganya, kuchora picha ya jalada, kupakia, kuandika matini, kuandika jarida, kujibu barua, kufuatilia kadi za benki zilizokataliwa. Nilipofika 14 nilikuwa bado sijamaliza. Sina nia ya kuajiri watu 10. Lakini ilinisaidia kuona kwamba uchovu wangu una idadi, na kwamba kila nikiongeza aina mpya ya maudhui naongeza safu nzima ya hatua kama hizi.

Nikaendelea kusoma kuhusu kitabu chenyewe, na hapo ndipo siku yangu ilipogeuka. Encyclopédie iliuzwa kwa usajili. Mwaka 1750 wachapishaji walitoa tangazo, wakaahidi juzuu 10: 8 za maandishi na 2 za michoro. Watu wakatoa fedha kabla ya kazi. Juzuu ya mwisho ya michoro ilipotoka mwaka 1772, zilikuwa zimefika 28: 17 za maandishi na 11 za michoro. Waliolipia walikuwa zaidi ya 4,000, na mwaka 1769 mmoja wao aliwapeleka wachapishaji mahakamani akidai wamemtoza kupita walichokubaliana. Diderot alikuwa ameizamia kazi hiyo zaidi ya miaka 20.

Michoro ya kitabu hiki nimeitazama mara nyingi sana. Sikuwahi kujiuliza nani aliilipia, wala kwamba aliyeahidi 10 alijikuta na 28 mikononi.

Saa 6 mchana

Barua. Leo ni 31, zaidi ya nusu zinauliza nywila. Mbili ni za kujitoa, na moja imenichoma, kwa sababu imetoka kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa nami tangu wiki ya kwanza ya usajili. Huwa siwapigii watu waliojitoa. Kujitoa ni haki yao, na simu inaweza kuonekana ni ya kuwabembeleza. Yeye nilimpigia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Najua unachopigia."

"Sipigi kukurudisha. Nataka tu kujua kama kuna mahali nimekosea."

"Hujakosea. Vimenizidi. Nina vipindi tisa sijavisikiliza. Kila nikishika simu naviona vimejipanga, najiona nadaiwa. Mimi nilikuwa nasikiliza kimoja mara mbili, nakaa nacho. Sasa nikikaa na kimoja, vitatu vimeshapita."

Nilimshukuru. Nikakaa kitambo bila kufanya lolote.

Saa 8 mchana

Takwimu. Jukwaa langu linanionyesha asilimia ya barua pepe "zilizofunguliwa", na kwa muda mrefu nilikuwa nikilala na kuamka na namba hiyo. Haiaminiki tena. Tangu mwaka 2021, programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha zilizomo kwenye barua hata kama mwenyewe hajaisoma, na ni kwa kijipicha kisichoonekana ndipo mtumaji huhesabu ufunguzi. Kwa hiyo leo nimeangalia vitu viwili tu: nani alisikiliza hadi mwisho, na walioondoka waliandika nini.

Kipindi cha ziada, kile kinachonila Ijumaa zangu, zaidi ya nusu ya waliokilipia hawakukigusa mwezi uliopita. Sababu za walioondoka mwaka huu zimejikusanya zenyewe. Wengine kadi zao ziliisha muda na pengine hata hawajui kwamba wameondoka. Wengine hali imebana. Na waliosalia kati ya walioondoka, karibu wote, wanasema alichosema mwalimu kwa maneno mengine: sina muda, nitarudi, nimeachwa nyuma. Nimesoma orodha yote mara mbili nikimtafuta hata mmoja aliyeandika kwamba vipindi ni vichache. Hayupo.

Nimekuwa nikikesha kuzalisha kile kinachowachosha.

Saa 10 alasiri

Nimetoka nje nikatembea, nikarudi, nikafungua mipangilio ya malipo.

Patreon, jukwaa ambako watu humlipa mtengeneza kazi moja kwa moja, ilipoanza mwaka 2013, mlipaji alikuwa anatoa fedha kila kazi inapotoka. Hakuna kazi, hakuna makato. Malipo ya kila mwezi, ambayo ndiyo yameenea siku hizi, yana utulivu wake na mimi nayahitaji: kodi haingoji kipindi kiive. Lakini yanabadilisha kitu kinachodaiwa. Ukilipwa kwa kazi, unadaiwa kazi. Ukilipwa kwa mwezi, unadaiwa mwezi, na mwezi ni chombo kisicho na mfuniko, unaweza kukijaza bila kikomo na bado ukahisi hujakijaza. Substack, jukwaa la majarida ya barua pepe, wana kitufe cha kusitisha makato ya wanaolipia wote pale mwandishi anapopumzika. Watengenezaji wa vipindi wenzangu wengi wanakionea haya kitufe cha namna hiyo. Nadhani kila mtu anayefanya kazi hii peke yake angekitumia angalau mara moja kwa mwaka, na awaambie wasikilizaji tarehe mapema.

Nimeamua hivi. Ngazi inabaki moja. Vipindi viwili kwa mwezi badala ya vinne, vyote wazi kwa kila mtu, maana aliyelipa anaibeba kazi hii hata kwa asiyeweza. Wanaolipa wanapata matini na hifadhi ya maelezo ninayoyaacha nje ya kipindi, ambayo tayari yapo, hayaniongezei hatua hata moja. Kipindi cha ziada kinakufa. Jarida linatoka pamoja na kipindi. Mwezi mmoja kwa mwaka makato yanasimama na mimi nasimama. Wa ngazi ya pili na ya tatu wanashuka kwenye malipo ya ngazi ya kwanza. Nitapungukiwa, nimepiga hesabu, na nimeona naweza kustahimili miezi sita nikiangalia mwelekeo.

Wasiwasi wangu uko kwa waliolipa mwaka mzima. Fedha yao nimeshaipokea na sehemu nimeshaitumia, na walilipia ahadi ya zamani. Siwezi kubadilisha makubaliano kisha nikawatangazia kama habari njema.

Saa 3 usiku

Nimewaandikia hao kwanza, kabla ya tangazo la wote. Barua ni fupi. Nimeeleza kinachopungua kabla ya kueleza kinachobaki. Nimewapa njia mbili: nirudishe fedha ya miezi iliyosalia, au muda wao urefushwe kwa tofauti ya malipo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya tatu za kuomba radhi kwa kuchoka. Nimezifuta. Wanachohitaji kujua ni lini, kiasi gani, na wabonyeze wapi.

Kabla ya kutuma nimefungua ngazi ya tatu, nikasogeza mshale hadi "funga ngazi hii". Jukwaa likaniuliza kama nina hakika. Mkono ulikuwa mzito kidogo. Nikabonyeza.

Saa 5 usiku

Majibu manne yameingia. Wawili wanataka muda urefushwe, mmoja anataka fedha yake na nimeshamrudishia, wa nne ameandika tu "sawa."

Halafu ujumbe wa sauti wa mwalimu. Amesikia kipindi cha kufuli jioni hii, mara mbili, na ana swali: kabla ya ufunguo wa chuma kulikuwa na nini? Nimemjibu kwa sauti, nimelala kitandani, taa imezimwa, bila blanketi wala maiki. Nimemweleza kufuli za mbao za Misri ya kale, vigingi vinavyodondoka kwa uzito wao na kuishika komeo, na ufunguo wa mbao wenye meno unaovinyanyua vyote kwa pamoja. Nimeongea dakika tisa.