Watano wa Piazzolla

Mimi huwa siamini sana bendi za kuenzi marehemu. Nyingi hunakili tu, mwisho unatamani urudi kwenye santuri za zamani. Lakini Quinteto Astor Piazzolla wamenibadilisha msimamo, jamani!

Piazzolla, mtunzi wa tango (muziki wa dansi wa Argentina), alifariki Buenos Aires mwaka 1992. Kundi hili liliundwa baadaye na taasisi yenye jina lake, ya mjane wake Laura Escalada, na vyombo ni vilevile alivyovipenda mwenyewe: bandoneoni (chombo cha mvukuto), fidla, piano, besi kubwa na gitaa la umeme. Ndiyo, gitaa la umeme kwenye tango! Wahafidhina wa Argentina walimshambulia sana enzi zake, wakidai kile anachopiga si tango kabisa. Mwaka 2019 kundi likatwaa tuzo ya muziki ya Latin Grammy kwa albamu ya Revolucionario.

Jana usiku nimewasikiliza wakipiga Adiós Nonino, kipande alichotunga 1959 baada ya kupata habari za kifo cha baba yake. Mwanzo unakimbia kwa hasira, halafu ghafla fidla inaachiwa nafasi, inalia polepole, na bandoneoni inaingia kwa chini kama mtu anayevuta pumzi. (Masikio ya taarabu yatadhani ni kodiani. Ni ndugu yake, ila sauti yake ina huzuni zaidi.) Hapo hakuna kunakili. Wanapiga kana kwamba msiba ni wa leo.

Mnaomjua Piazzolla kwa Libertango peke yake, tafuteni hiki. Na mvae spika za masikioni, simu itawanyima besi yote.