Embaire ya Walukuba: kumbukumbu ya Jumamosi zetu

Jumamosi ya kwanza. Nimeanza vibaya. Walikuja watoto 17, wa miaka 9 hadi 13, nikawaambia tutatengeneza embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga wa mashariki mwa Uganda, na gharama tutazichangisha wenyewe. Kisha nikaandika ubaoni "ufadhili wa sanaa za jamii". Wakanitazama kama mbuzi wanaosubiri mvua ipite.

Nikafuta. Nikauliza: nani amewahi kuona mtu akitoa pesa kwa sababu ya ngoma? Mikono yote juu. Harusini, wakasema, mjomba anainuka na kubandika noti kwenye paji la uso wa mchezaji. Kutuza. Hilo hakuna mtoto wa Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, asiyelijua, awe wa nyumba ya Kisoga, ya Kinubi au ya watu waliotoka Kongo. Tatizo ni kwamba tuzo hutolewa ngoma ikishalia. Sisi ngoma hatuna. Tuna uwanja nyuma ya nyumba yangu na kuku wawili.

Jumamosi ya pili. Leo binti mmoja wa miaka 11 amenipindulia mradi wote. Nilikuwa natafuta mfano wa pesa inayotolewa kabla, akasema: "Mwalimu, si kama mabugo?" Msiba ukitokea mtaani, daftari linapita, kila mtu anaandika jina na kiasi, na pesa ile huitwa mabugo. Nikawaeleza neno lilikotoka. Ni Kiganda, linatokana na nguo inayotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, gome linalogongwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike kama kitambaa. Zamani waombolezaji walileta nguo zenyewe, za kumsitiri marehemu. Ufundi huo Unesco iliutangaza kuwa kazi bora ya urathi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, na sisi tunalitamka jina lake kila tunapotoa elfu mbili za rambirambi bila kufikiri.

Akauliza tena: "Kwa hiyo walileta kitu, siyo pesa? Basi na sisi tuombe vitu."

Nilikuwa nimeshapanga kuomba pesa kwa simu. Nimemfanya mweka hazina papo hapo.

Jumamosi ya tatu na ya nne. Daftari lina safu mbili, Vitu na Pesa. Upande wa vitu: gogo la lusambya, mti ambao mafundi huupenda kwa marimba, kutoka kwa bibi wa mmoja wao huko Bugembe, mashina mawili ya migomba, vijana wanne wa kuchimba shimo, mwendesha bodaboda atakayemleta fundi kutoka kijiji kilicho mbele ya Iganga na kumrudisha. Upande wa pesa: shilingi 112,500, nyingi zikiwa sarafu.

Pia kuna mwenye duka mmoja aliyeahidi 100,000. "Njooni kesho." Wameenda mara tano. Wavulana wanataka jina lake likatwe kwa wino mwekundu, mweka hazina anakataa, anasema daftari la mabugo halikati jina la mtu, linaacha nafasi wazi. Nafasi ipo wazi mpaka leo. (Mimi ningekata.)

Jumamosi ya tano. Mvua. Tumekaa barazani nikawasimulia bigwala, tarumbeta za vibuyu zilizopigwa katika mambo ya ufalme wa Busoga, maziko ya mfalme yakiwamo. Zinapigwa kwa seti ya vibuyu vitano au zaidi, kila kimoja kikitoa sauti yake moja, wimbo unapatikana kwa kupokezana. Wapigaji walikuwa wamebaki wazee wachache, na mwaka 2012 Unesco ikaiweka kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Watu wa Busoga, mwalimu wa muziki James Isabirye akiwa mstari wa mbele, waliifufua kwa kufundisha vijana, na kazi hiyo ilidai hata kupanda upya vibuyu vyenyewe. Nilikuwa najiandaa kuwaeleza maana yake kwetu, mvulana mdogo kuliko wote akaniwahi: "Mbegu nazo zinaingia kwenye Vitu?" Tukaandika: mbegu, kiganja kimoja, kutoka kwa mama yake.

Jumamosi ya saba. Fundi amefika na shoka, tezo na maneno machache. Alitaka 180,000, mweka hazina alimfungulia daftari akamwonyesha yote, hata nafasi iliyo wazi. Mzee akacheka, akachukua pesa iliyopo na debe la maharage. Siku mbili alichonga mbao 15. Akipunguza katikati sauti inashuka, akipunguza nchani inapanda, na baada ya kila mikwaruzo michache anagonga na kusikiliza huku ameinamisha kichwa. Watoto hawakupumua.

Hapo akatokea mchangiaji wa misumari na kamba, anataka jina la biashara yake lipakwe rangi juu ya mbao. Nikasita, misumari ilikuwa mizuri. Fundi ndiye aliyejibu bila kugeuka: rangi ina uzito, na uzito unabadilisha sauti. Jina limeandikwa kwenye ubao wa uzio, chini kidogo ya jina la bibi wa Bugembe. Mpangilio huo ni wa watoto, sikuwashauri.

Jumamosi ya tisa. Mbao zimelazwa juu ya migomba, migomba juu ya shimo, na shimo ndilo linaloipa embaire kifua. Watoto sita wamekaa pande mbili. Wimbo wa kwanza uliporomoka mara tatu. Mara ya nne ukashika, majirani wakatoka na sufuria mikononi, na mzee mmoja akaja moja kwa moja akabandika noti ya elfu tano kwenye paji la mvulana wa kona, lililokuwa limelowa jasho.

Ugomvi ukaanza kabla wimbo haujaisha. Ni yake au ni ya embaire? Yeye anasema katuzwa yeye. Wenzake watano wanasema asingepiga wimbo peke yake. Bibi wa Bugembe, aliyekuja na kigoda chake, anasema gogo ni lake na hajaulizwa. Nilipowaacha, mweka hazina alikuwa amekaa chini na rula, anachora safu ya tatu.