Tepe ya Nne

Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ninayoirukia hapa Marekani ilitangaza nafasi za ukapteni katika kituo cha New York, na kwa mara ya kwanza namba yangu ilitosha. Huku rubani hapandi cheo kwa sababu bosi amependezwa naye. Siku ya kuajiriwa unapewa namba kwenye orodha ya ukongwe, na namba hiyo ndiyo inayoamua ndege utakayorusha, kituo chako, likizo yako, hata kama Idi utaila na wanao. Husogei mpaka walio mbele yako wastaafu wakitimiza miaka 65, au waondoke. Wakati wa Korona, mwaka 2020, mashirika yaliwalipa maelfu ya wakongwe ili wastaafu mapema. Abiria waliporudi, viti vya kushoto, wanakoketi makapteni, vikawa havina watu, na foleni yetu ikafupika ghafla.

Nilijaza ombi siku hiyohiyo. Mama, Mombasa, alishawatangazia majirani. "Hiyo tepe ya nne tutaiona lini, mwanangu?" Nikamwambia, "Niombee dua, Mama." Tepe ya nne begani ndiyo alama ya kapteni. Na mimi niliitaka. Niliitaka tangu nikiwa mwanafunzi wa urubani.

Kabla maombi hayajafungwa nilikwama New York. Theluji ilikuwa imefuta ndege ya kunirudisha Chicago. Rafiki yangu mmoja, Mkenya mwenzangu aliyepata ukapteni miezi kadhaa nyuma, akaniambia nikalale kwake Kew Gardens, mtaa wa Queens ulio kati ya viwanja vya JFK na LaGuardia. Marubani na wahudumu wa ndege wamepanga huko kwa miaka mingi.

Hicho alichokiita kwake kilikuwa kitanda cha juu kwenye chumba cha vitanda vya dabodeka. Kwenye friji kila mtu alikuwa na kopo lake lenye jina. Shati lake jeupe lilitundikwa ukutani likiwa limeshavikwa tepe nne za dhahabu mabegani. Chini yake viatu vilivyong'arishwa, soksi ndani yake, ili akiitwa asipoteze hata dakika. Alikuwa kwenye zamu ya kusubiri: hana safari, ana simu tu, na ikilia anatakiwa awe uwanjani ndani ya saa mbili hivi. Mkewe na watoto walikuwa Houston.

Hapo ndipo wengi wasioijua kazi hii wanapopotea. Rafiki yangu alipokuwa rubani msaidizi Houston, namba yake ilikuwa karibu na kileleni; alichagua safari alizozitaka. Namba ileile, alipohamia kiti cha kushoto, ikamweka mkiani mwa makapteni wa New York. Mkiani unaokota kilichobaki: usiku wa manane, wikendi, Krismasi, na kuvutwa kazini siku yako ya mapumziko.

"Na pesa?" nikamuuliza.

"Pesa ipo, ndugu yangu, sikufichi. Na kiti chenyewe ni kitamu. Lakini siku zangu za mapumziko zinaishia uwanjani, nikibahatisha kiti kilichobaki niende nyumbani, halafu nibahatishe kingine nirudi."

Simu ililia alfajiri. Nilimsikia akivaa gizani, taratibu, asiwaamshe wenzake.

Mke wangu ni muuguzi. Zamu zake ni za usiku, saa 12 kila moja, na namba yangu kwenye kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, iliniwezesha kupanga safari zangu zisigongane nazo. Watoto walikuwa wadogo. Hapa hakuna shangazi wa nyumba ya pili wa kuwapokea. Nikiwa kapteni wa kusubiri simu New York, mmoja wetu angelazimika kuacha kazi, au tumlipe mtu alale na watoto wetu. Tulizungumza usiku mzima nilipofika nyumbani. Asubuhi nikaliondoa ombi.

Wapo wanaosema anayekataa ukapteni anaogopa mtihani au anaogopa dhamana. Jambo hilo linanikera. Rubani msaidizi hurusha na kutua zamu kwa zamu na kapteni wake. Neno la mwisho ndilo la kapteni, na mimi niko tayari kulibeba.

Mama hakufurahi. "Haya, wewe ndiye ujuaye," akasema, na kwa muda mrefu hakuigusa tena habari ya kazi yangu. Mwaka 2023 ikaandikwa kwamba shirika la ndege la United lilitangaza nafasi za ukapteni na nusu hivi zikakosa watu. Nikampigia nikamsomea.

"Kumbe mko wengi," akasema. Halafu akaniuliza watoto wamekula nini.

Nafasi ile niliyoiacha ilimwangukia mtu niliyemtangulia kuajiriwa kwa miaka. Baadaye tulipangwa pamoja. Nikamwita Kapteni, kwa moyo mmoja. Tukiwa juu ya Ohio akaniuliza kwa adabu kwa nini sikuichukua. Nikamweleza zamu za mke wangu. Akauliza kama nitaomba tena. Nikamwambia nitaomba, siku namba yangu itakapotosha kuwa kapteni wa Chicago mwenye ratiba yake, si wa kusubiri simu Queens.