Sporani ya Mwanangu na Makuti ya Pangani

Mwezi Oktoba mwaka jana niliingia katika duka la mavazi ya Kiskoti hapa Glasgow kuulizia sporani ya nywele za farasi. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza, kabla hajanitajia bei, akaniuliza kama naitaka kwa ajili ya sherehe ya kuvaa mavazi ya maigizo. Nikamjibu kuwa ni ya mwanangu mwenye umri wa miaka 14, anayepiga zumari ya mfuko katika bendi ya mtaa wetu. Ndipo akanitajia bei, ambayo ilizidi pauni 300. Ninyi mnaojua mbuzi anauzwaje mnadani mtapiga hesabu wenyewe. Nilitoka pale na uchungu wa mambo mawili, bei na swali, na swali ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa wasiowahi kuiona, sporani ni mfuko unaoning'inizwa mbele, chini ya kiuno, kwa sababu kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, haina mifuko. Neno lenyewe katika Kigaeli, lugha ya jadi ya Waskoti, lina maana ya kifuko cha fedha. Mzee wa pwani aliyevaa kikoi hutia fedha zake kibindoni. Mskoti alikishona kibindo chake kwa ngozi akakitundika nje, watu wote wakione. Ile ya nywele ndefu zinazofika karibu na magoti ilishamiri katika karne ya 19, hasa jeshini, ambako kila kikosi kilitambulika kwa rangi ya nywele na idadi ya vishada; askari wa kikosi cha Black Watch, kwa mfano, walivaa nywele nyeupe zenye vishada vitano vyeusi. Leo utaiona zaidi kwa wapiga zumari. Bendi ya mwanangu huvaa nyeupe yenye vishada viwili vyeusi, na ingawa humwazima kijana kilti, koti na soksi, sporani kila familia hujitafutia.

Chini ya nyumba yetu anaishi mzee wa miaka 81 ambaye maisha yake yote alishona matandiko na hatamu za farasi. Nilipomsimulia kisa kile tukiwa ngazini, hakunipa pole wala hakumlaumu yule kijana. Aliingia ndani akarudi na mfuko wa karatasi uliojaa nywele za mkia wa farasi, nyeupe na nyeusi, akaniambia nije kwake Jumapili na kisu kikali. Nimeishi nchi hii miaka 11, na hakuna aliyewahi kunifungulia mlango kwa namna hiyo.

Jumapili ya kwanza tulifua nywele tu. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikiwa zimefungwa mafungu ili zisijisokote, kisha hutundikwa zikauke zenyewe bila kukaribishwa kwenye moto, na baada ya hapo huchanwa kuanzia nchani. Mkia ndio unaotumika kwa sababu nywele zake ni ndefu na ngumu kuliko za shingoni. Nilihitaji zenye urefu wa sentimita 60 na zaidi, kwa kuwa kila fungu hukunjwa katikati, na nusu ya urefu huo ndiyo inayoonekana.

Kabla ya kunikabidhi nywele zile, mzee alinitaka nijifunze kwa kipande cha ngozi ya mbuzi yenye manyoya marefu, na hapo niliharibu. Nilikata kwa mkasi kutoka upande wa manyoya, nikakata pamoja na manyoya yaliyopaswa kuufunika ukingo, na kipande kikabaki na upara kuzunguka pande zote. Ngozi yenye manyoya hulazwa kifudifudi, ikachorwa kwa nyuma, kisha ncha ya kisu ikapitishwa katika ngozi peke yake, taratibu, manyoya yabaki mazima. Anayeanza kazi hii na ashike jambo hilo kabla ya yote.

Mgongo wa sporani niliukata katika ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 3, pamoja na mfuko mdogo unaofungukia nyuma, ili nywele za mbele zisisumbuliwe kila mtu anapotoa senti zake. Mshono ni wa uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, wenye sindano mbili, moja kila ncha. Unatoboa tundu kwa chuma chenye ncha, unapitisha sindano ya kulia kisha ya kushoto katika tundu hilohilo, unakaza. Ni kazi ya polepole, lakini uzi ukikatika mahali pamoja, mishono mingine hubaki imeshika.

Ilipofika zamu ya kupachika nywele, mzee alikwenda kupika chai akaniacha na mafungu yangu. Aliporudi alinikuta nimekwisha kushona safu ya kwanza chini kabisa, na ya pili juu yake ikiufunika mshono wa ile ya kwanza. Akasimama na vikombe mkononi, akaniuliza nani amenifundisha kuanzia chini. Nikamwambia kwamba mama yangu ameshona makuti Pangani tangu kabla sijazaliwa, majani yakikunjwa juu ya ufito na kushonwa kwa ukindu, na kwamba baba aliyaezeka kuanzia kwenye mchirizi akipanda kuelekea mgongoni, kila safu ikificha mshono wa iliyo chini yake. Mzee aliweka vikombe mezani, akavuta kiti, akataka nimweleze makuti kuanzia mnazini.

Yeye naye alinisimulia historia ya vazi lake. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, Bunge la London lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume wa nyanda za juu za Uskoti kuvaa kilti, isipokuwa waliokuwa askari wa mfalme, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1782. Kwa zaidi ya miaka 30 watu hawa walizuiwa kuvaa vazi la baba zao katika ardhi yao wenyewe. Niliposikia hayo, lile swali la dukani lilizidi kuniuma, kwa kuwa vazi lililowahi kuporwa wenyewe kwa sheria si la kumpimia mtoto wa watu kwa rangi ya uso wake.

Kichwa cha shaba kinachokaa juu ya nywele za sporani nilikipata katika soko la Barras kwa pauni 15. Ngozi, uzi, nta na vikombe viwili vya kufungia vishada vilinigharimu pauni 29. Saa za kazi zilikaribia 40, nyingi zikiwa Jumapili, tangu Novemba hadi Februari. Binamu yangu alijitolea kunitumia ngozi ya mbega ili niipambe, nami nikamkataza, kwa kuwa ngozi ya mnyama anayelindwa haivuki mpaka bila kibali, na hata huku ngozi ya fisi maji ina sheria zake.

Ninyi mnaoniandikia kuulizia viza na mshahara, nawaomba msiache ufundi wenu nyumbani kwa kuuonea haya. Mimi niliposafiri sikumwambia mtu yeyote kwamba nimelelewa katika makuti. Nilidhani ni alama ya umaskini, nikajaza fomu kana kwamba mikono yangu haikujua chochote. Napakia mizigo ghalani usiku, na katika kazi hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza ninajua nini.

Mwanangu aliivaa mara ya kwanza mwezi Machi. Kishada cha kushoto kimekaa chini kidogo kuliko cha kulia, nami nitakifungua na kukifunga upya. Jioni ile tulimpigia mama simu ya video, nikaishika sporani mbele ya kamera, nywele zikiwa zimechanwa na shaba imesuguliwa. Aliitazama kimya kwa muda.

"Nzuri, baba," akasema. "Sasa igeuze niione nyuma."

Nikaigeuza, nikaisogeza karibu na taa, naye akaanza kuhesabu mishono.