Ile nafasi kati ya kutamani na kulipa

Juzi usiku, saa saba kasoro, nimelala ubavu, taa imezimwa, simu iko karibu na pua, naangalia video ya mtu anasafisha raba nyeupe kwa mswaki. Raba sikuwa nazitafuta, nilifungua simu niweke alamu tu. Lakini ile video ilikuwa tamu jamani, povu linashuka, kitambaa kinapita, raba inatoka inang'aa kama ndo kwanza imetolewa kwenye boksi, na pale chini kwenye kona kuna kakitufe ka kununua hizo hizo raba, nikabonyeza niangalie rangi, kumbe saizi yangu imeshajazwa, anuani imeshajazwa, kadi imeshajazwa, kilichobaki ni kidole gumba tu kugusa kioo. Nikagusa. Toka naziona mpaka nimelipa sidhani kama dakika tatu ziliisha.

Asubuhi nimeamka na swali moja, hivi jana nimenunua nini na nilikitaka lini?

Nimeshinda nalo siku nzima hilo swali. Maana zamani kununua kulikuwa na njia ndefu, unatamani kitu, unakaa nacho rohoni wiki nzima, unahesabu hela, unavaa, unatoka, unafika unakishika mkononi. Kama ni nguo unaigeuza ndani nje uone mshono, unavuta vuta kitambaa, unainyanyua kwenye mwanga uone kama inaonyesha. Unauliza bei, unasema ngoja nizunguke kidogo. Na kwenye huko kuzunguka ndo tamaa nyingi zilikuwa zinafia, wala huumii, unarudi nyumbani na hela yako umeshasahau. Hiyo nafasi ya katikati, kati ya kutamani na kulipa, mimi naona ndo kitu kikubwa simu imetuchukulia, kuliko hata hela yenyewe.

Na haikupotea yenyewe, kuna watu wamekaa wakaifupisha kwa makusudi. Mwaka 1999 Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, walipewa hataza Marekani, yaani haki ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wao, ya kununua kwa kubonyeza mara moja tu, ikaja kuisha 2017. Yaani kubonyeza mara moja kulindwe na sheria miaka yote hiyo! Walijua kila hatua unayomwongezea mteja unampa nafasi ya kughairi. Sasa hivi hata namba ya siri huandiki, simu inasoma uso wako basi. Noti ukiitoa mfukoni unaiona inaondoka, pochi inapungua unene, moyo unashtuka kidogo. Kuna maprofesa wawili, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha utafiti 2001, watu walikuwa wanashindana kutaja bei ya tiketi za mechi ya kikapu kwenye mnada, walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hela nyingi zaidi kuliko walioambiwa watalipa keshi, kwa tiketi zilezile. Na hapo ilikuwa kadi, ambayo angalau unaitoa kwenye pochi.

Halafu kuna hizi kuki, vile vifaili vidogo ambavyo kila ukurasa unakuomba uvikubali. Zilitengenezwa 1994 na Lou Montulli pale Netscape, kampuni ya programu ya kufungulia tovuti, na kazi mojawapo waliyoiwazia ni ya kawaida kabisa, tovuti ikumbuke umeweka nini kwenye kikapu. Kikapu! Baadaye kampuni za matangazo zikaona kumbe kitu kinachokumbuka kikapu kinaweza kumkumbuka na mwenye kikapu, akienda tovuti nyingine wamfuate. Ndo maana unaangalia begi mara moja tu, wiki nzima lile begi liko na wewe, kwenye habari, kwenye hali ya hewa, kila unapogeuka. Zamani muuzaji ukitoka dukani kwake umetoka.

Kitu kingine kinachonikera sana ni ile saa ya kurudi nyuma, "ofa inaisha baada ya dakika 14". Siku moja niliamua niikalie niione mwisho wake. Nikaweka simu mezani, nikaiangalia mpaka sekunde ya mwisho, ikafika sifuri, ikapepesa, ikaanza tena dakika 15, bei ileile. Sasa hapo huo si uongo? Mtu mwingine ameshalipa kwa presha ya dakika ambazo hazikuwepo.

Maoni ya wateja nayo nimejifunza kuyasoma kinyumenyume. Nyota tano siangalii tena, nikikuta watu kumi wameandika "bidhaa nzuri sana inafanana na picha" kwa maneno yaleyale najua kuna namna. Naenda kwenye nyota tatu, huko ndo kuna mtu aliyetumia kitu miezi miwili akaja kusema zipu inakwama ukijaza sana. Huyo ndo wa kumsikiliza.

Nisiwe mchoyo wa fadhila lakini. Mwezi uliopita blenda ilianza kuvuja kwa chini, mdogo wangu akasema tununue mpya tu. Nikaipiga picha, nikatafuta namba ya modeli pale kwenye kitako, nikakuta mtu na video ya dakika nne anaifungua blenda ileile, anaonyesha ni kampira kamechoka. Nikaagiza kampira, kamefika kwenye bahasha, nimekabadilisha mwenyewe kwa kisu cha mezani. Hilo bila simu nisingeliweza, ningenunua blenda nzima. Kwa hiyo simu inaweza kukupa maarifa ambayo zamani mtu hakuwa nayo, bei unalinganisha umekaa, kasoro unaijua kabla. Tatizo langu ni kwamba yenye maarifa na yenye kitufe ni hiyo hiyo moja, na saa saba usiku anayeongea zaidi ni kitufe.

Basi tuje kwenye raba. Mchana nikaingia kuangalia, mzigo ulikuwa haujatumwa, nikaamua kughairi. Kununua kidole kimoja, kughairi ngoja nikwambie. Kwanza nitafute oda ilipo, imefichwa chini ya akaunti, nikabonyeza, likaja "tukusaidieje", nikachagua, likaja una uhakika, ndio, likaja orodha ya sababu, nikachagua nimebadili mawazo, likaja nipewe kuponi nibaki nazo, hapana, likaja tena ukurasa una kitufe kikubwa cha rangi kimeandikwa "baki na oda" na chini yake maandishi ya kijivu madogo sana ya kughairi. Nimehesabu, kurasa sita. Wangekuwa hawajui tofauti ya hayo mawili wasingeyapanga hivyo.

Hela wamesema itarudi baada ya siku kadhaa. Dakika kumi hazijaisha, simu ikalia, zile raba bado zipo, saizi yako imebaki moja.

Nimezima notifikesheni za hiyo apu, kadi nimeifuta, nikitaka kununua niwe naandika namba zote 16 kila mara. Usiku simu inachajiwa sebuleni. Alamu nimeweka kwenye kasaa kale kadogo ka betri, jana kamelia saa kumi na mbili kamili kama kawaida.